Gari Linagonga Chini: Kuitafuta Kelele ya Saspensheni Kabla ya Kununua Kifaa

Mtu akifika gereji hapa Tabora na kusema kwamba gari lake linagonga chini, neno la kwanza analoambiwa mara nyingi ni shokapu. Shokapu huonekana kwa urahisi, bei yake si ndogo, na kila dereva amekwisha kusikia kwamba barabara mbovu huziua, kwa hiyo hubebeshwa lawama hata pale zinapokuwa nzima. Katika magari madogo tunayokutana nayo kila siku, yaani IST, Vitz, Corolla na Noah, kelele ya mbele kwenye mashimo madogo hutoka kwanza kwenye linki za stebilaiza, halafu kwenye bushi, yaani raba zinazokaa kwenye maungio ya vyuma, na shokapu huja baada ya hizo. Mwongozo huu wa saspensheni, yaani shokapu, springi na viungo vinavyolibeba gari juu ya magurudumu, umepangwa kwa kufuata malalamiko kama wenye magari wanavyoyaleta, ili kila mmoja aanze na kile anachokisikia, apime kwa mkono wake kile kinachopimika bila hatari, na ajue mahali pa kuweka spana chini.

Kosa la kukimbilia shokapu nami nimelifanya. Kiangazi kimoja nilinunua shokapu mbili za nyuma za Corolla yangu, nikazifunga mwenyewe Jumamosi, na Jumapili asubuhi gari likagonga vilevile nilipokuwa napita Isevya. Nilipotoa tairi la akiba nikakuta jeki imelegea kwenye kishikio chake, na pale ilipokuwa ikipiga bati rangi ilikuwa imetoka, ikaacha alama ya kung'aa yenye ukubwa wa kifungo cha shati. Shokapu za zamani zilikuwa bado zina kazi.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Anza na buti. Toa kila kitu: jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba, dumu la maji, kamba. Endesha gari likiwa tupu kwenye barabara ileile inayolifanya lipige kelele. Kama ni kimya, umemaliza. Kama kelele ipo, chungulia chini uone plastiki inayofunika injini, bati la joto lililo juu ya bomba la ekzosi, na raba zinazolishikilia bomba lenyewe. Kwa barabara zetu za mitaani, plastiki hiyo hupoteza vishikizo vyake mapema sana, na sauti yake huwadanganya hata mafundi.

Kisha pima upepo wa matairi. Magari mengi yaliyotoka Japani yana kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na namba zake zimeandikwa kwa kilopaskali; 220 ni sawa na psi 32 hivi, na 250 ni sawa na psi 36. Tairi lililojazwa kupita kiasi hupeleka kila jiwe moja kwa moja kwenye bushi, na dereva huona kana kwamba gari limechakaa usiku mmoja. Kaza pia nati za magurudumu, ambazo kwa magari mengi madogo ya Toyota hutakiwa kukazwa kwa nyutoni-mita 103. Nati iliyolegea hutoa mgongo, yaani mlio wa kugonga, unaofanana kabisa na wa bolijointi (kijointi cha mpira wa chuma kinachoshikilia gurudumu), na hatari yake si ndogo kuliko ya bolijointi.

Baada ya hapo jiulize kelele inatokea lini. Je, ni kwenye mashimo madogo au kwenye tuta kubwa? Je, ni unapokanyaga breki, unapokata usukani, au unapokwenda tu? Zima redio, fungua vioo, na ukiweza pita karibu na ukuta mrefu, kwa sababu ukuta huirudisha sauti na kukuonyesha upande inakotoka.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakigharimu chochote na ambacho nakithamini kuliko vyote. Pita juu ya tuta polepole, magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda kwa pamoja. Kisha tafuta mahali ambapo gurudumu moja tu linaingia shimoni huku lingine likibaki juu. Stebilaiza ni chuma kinachounganisha mguu wa kushoto na wa kulia, na hujipinda pale tu upande mmoja unapopanda au kushuka tofauti na mwingine. Gari likinyamaza kwenye tuta na kugonga kwenye shimo la upande mmoja, anza na stebilaiza na linki zake kabla ya kitu kingine chochote.

KUNYANYUA GARI KWENYE ARDHI YETU

Udongo wa sehemu nyingi za mji huu ni wa kichanga, na jeki huzama au hulala upande gari likiwa juu. Tafuta sakafu ya saruji, au weka chini ya jeki kipande kipana cha ubao mnene. Mninga unafaa, ubao wa boksi haufai. Zuia magurudumu yanayobaki chini, vuta breki ya mkono, na gari likishapanda liweke juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, na usitumie tofali badala ya stendi, kwa kuwa tofali hupasuka bila kutoa ishara. Asiye na stendi mbili aishie kwenye vipimo vinavyofanyika gari likiwa chini.

KO-KO-KO MBELE, MWENDO MDOGO, MASHIMO MADOGO

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Gari likitoka lami na kuingia barabara ya mtaa, au likipita kwenye rasta, yale matuta madogo yanayofuatana, husikika mgongo mwepesi na wa haraka, kama mtu anayegonga kopo kwa funguo.

Chanzo cha kwanza ni linki ya stebilaiza. Ni fimbo fupi yenye kijointi kila mwisho, na ndani ya kijointi mna mpira wa chuma unaozunguka kwenye grisi. Raba inayokifunika ikipasuka, vumbi la kiangazi huingia na kusaga, kisha maji ya masika huosha grisi iliyobaki. Gari likiwa chini kwa magurudumu yote, ingiza mkono nyuma ya tairi, shika linki karibu na kijointi, na uitikise kwa nguvu. Linki nzima haichezi. Iliyokufa utaisikia ikigonga kwenye vidole kabla hujaisikia kwa sikio. Hapa wengi hukosea kwa kunyanyua gurudumu moja tu. Ukifanya hivyo stebilaiza hujipinda na kuibana linki, ule mwanya unafichika, na unaondoka ukiamini kwamba ni nzima. Pima magurudumu yote mawili yakiwa chini, au yote mawili yakiwa juu.

Ukibaki na shaka, fungua linki zote mbili, zifunge mbali na vitu vinavyozunguka, na uendeshe polepole mtaani mita mia chache. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo usilipeleke barabara kuu. Kelele ikipotea, umepata jibu kabla ya kutoa hata shilingi. Nati za linki mara nyingi huwa zimeshika kutu, na kijiti chake huzunguka pamoja na nati. Kwenye ncha ya kijiti huwa mna tundu la kuingiza spana ya pembe sita ili kukizuia. Badilisha linki zote mbili, kwa sababu zimetembea barabara zilezile.

Cha pili ni bushi za stebilaiza, zile raba mbili zinazokishikilia chuma chenyewe. Mtu mmoja asukume gari kutoka upande hadi upande huku mwingine ameweka kidole mahali chuma kinapoingia kwenye raba. Kikicheza ndani ya raba, bushi zimekwisha, na bei yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote katika orodha hii.

Cha tatu ni bolijointi ya amu ya chini, yaani ya mkono wa chuma unaolishikilia gurudumu kutoka chini ya gari, na hapa nataka msomaji apunguze mwendo. Katika gari lenye shokapu na springi zilizounganishwa pamoja mbele, kama yale niliyoyataja mwanzo, nyanyua gari kwa bodi ili gurudumu lining'inie, halafu ingiza chuma kirefu chini ya tairi na ulinyanyue taratibu huku mwenzako akitazama kijointi. Katika magari ambayo springi au tosheni ba (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi) imekaa juu ya amu ya chini, jeki inapaswa kuwekwa chini ya amu hiyohiyo, karibu na gurudumu, la sivyo uzito wa springi unaubana mwanya na kuuficha. Kisha shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, nawe ujaribu tena: mchezo ukipotea ni beringi ya gurudumu, ukibaki ni bolijointi.

Bolijointi inayocheza kiasi cha kuonekana kwa macho haiendeshwi hata kufika sokoni. Ikichomoka, gurudumu hulala nje, gari hukaa chini kwa upande huo, na usukani hauna tena mamlaka juu ya chochote. Gari hilo lipakiwe, au fundi aje lilipo.

Cha nne ni tairodi na raki endi, zile fimbo zinazopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu. Shika tairi kushoto na kulia, ulitikise. Mchezo ukiwepo upande huo, mwenzako ashike kijointi cha tairodi kwa vidole ajue kama unatokea hapo au ndani zaidi, kwenye raki. Kubadilisha tairodi bila kupeleka gari kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, ni kuyaua matairi mapya kwa makusudi. Tairodi ni sehemu ya usukani, na asiyewahi kuifunga ampe fundi.

Niongeze hapa jambo ambalo wenye IST hawapendi kulisikia. Gari lililonyanyuliwa kwa spesa, yaani vipande vinavyoongezwa kwenye springi au shokapu ili likae juu, hubadilisha pembe ya linki, ya tairodi na ya drafshafti (fimbo inayozungusha gurudumu), na vijointi hivyo huanza kufanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake. Ukibadilisha linki mara mbili kwa mwaka, angalia spesa kabla ya kumlaumu muuza vifaa.

KISHINDO KIMOJA KIZITO KWENYE SHIMO AU TUTA

Sauti hii ni nzito na huja mara moja, "du", na wakati mwingine huisikia miguuni kabla ya masikioni.

Sababu inayotangulia ni mzigo. Gari dogo lililobeba abiria watano na magunia kwenye buti hushuka hadi raba ya kuzuia kishindo, na hapo halina tena nafasi ya kunesa. Jaribu likiwa tupu. Kama bado linapiga, ndipo shokapu ziitwe kujibu. Tazama kama mwili wa shokapu umelowa oili kuanzia juu. Vumbi kidogo lililoganda siyo ushahidi, ila oili mbichi inayotiririka ni ushahidi. Bonyeza kona ya gari mara tatu kwa nguvu kisha uachie: likinesa zaidi ya mara moja na nusu, shokapu imechoka. Kipimo hiki hukamata shokapu iliyokufa kabisa tu, kwa hiyo kufaulu kwake kusikufanye uape. Shokapu hubadilishwa mbili kwa ekseli moja.

Angalia pia springi, hasa mzunguko wake wa chini kabisa unaokaa kwenye sahani ya shokapu, kwa sababu huko ndiko matope hukaa na kutu huanzia. Kipande kilichokatika hukaa palepale kwa wiki kadhaa, na dalili yake ni kona moja ya gari kuwa chini kuliko nyingine. Pima kwa rula kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bati juu ya tairi, kushoto na kulia, gari likiwa mahali pa usawa. Springi iliyovunjika inaweza kutoka na kulichana tairi katika mwendo, usisafiri nayo.

Kazi ya kutenganisha springi na shokapu ya mbele si ya nyumbani. Springi ikiwa imebanwa ina nguvu ya kuvunja taya au kuua, na nati ya juu ikifunguliwa bila kifaa cha kubania, kila kitu hutoka kwa pamoja. Nimeona watu wakiibana kwa kamba na waya. Mwachie fundi mwenye vibanio viwili vizima, na usisimame mbele yake anapofungua.

KISHINDO UNAPOKANYAGA BREKI AU UNAPOONDOKA

Kelele inayotokea mara moja unapokanyaga breki, kisha tena unapoondoka au unaporudi nyuma, huwa ni ya kitu kinachosogea mbele na nyuma. Bushi kubwa ya nyuma ya amu ya chini ndiyo mshukiwa mkuu. Mwangalizi asimame pembeni, mbali na njia ya gari, dereva asogee nusu mita mbele na kufunga breki, kisha nusu mita nyuma. Gurudumu likionekana kurudi nyuma ndani ya nafasi yake, bushi imechanika. Baada ya hiyo tazama maunti za injini, yaani raba zinazoishikilia injini, na mwisho pini za kaliper (kifaa kinachobana pedi za breki) na pedi zinazocheza. Pedi zina alama yake: kelele hupotea ukiendesha huku umegusa breki kidogo sana.

Bushi mpya ya amu ina sharti ambalo mafundi wenye haraka hulipuuza. Bolti yake hukazwa mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukiikaza mguu ukining'inia, raba hukaa imejisokota muda wote gari linapotembea, na baada ya miezi michache huchanika, halafu kifaa husemwa kwamba kilikuwa feki.

KWICHI-KWICHI

Mlio wa raba kavu huongezeka kuanzia Juni hadi Oktoba na hupungua mvua zinapoanza Novemba, na tabia hiyo yenyewe ni utambuzi. Chukua chupa ya maji, mwagia bushi moja, nesesha gari kwa mkono, kisha nenda kwenye ya pili. Ile inayonyamaza ikilowa ndiyo yenye mlio.

Usipake oili chafu wala grisi ya kawaida. Desturi ya kupuliza oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini chini ya gari zima imeenea mno, na kweli hunyamazisha kwa wiki moja au mbili. Lakini oili ya petroli huifanya raba ivimbe na kulainika, na vumbi linaloganda juu yake hugeuka msasa. Grisi ya silikoni ndiyo inayofaa raba. Bushi iliyopasuka haina dawa ya kupaka.

SAUTI UNAPOKATA USUKANI

Gari likiwa limesimama, mwenzako azungushe usukani nawe uweke kiganja juu ya springi ya mbele, vidole vikiwa mbali na mizunguko yake. Ukihisi springi ikijivuta kisha ikiruka kwa mlio wa "ngo", beringi ya maunti ya shokapu, ile inayokaa juu yake, imeganda, na dereva kwa kawaida huwa ameona kwamba usukani haurudi wenyewe vizuri baada ya kona. Kazi hii inahitaji kutenganisha springi, kwa hiyo ni ya fundi.

Kama sauti ni "tak-tak-tak" inayofuata mzunguko wa gurudumu, gari likikatwa usukani wote na kuongezwa moto, hiyo ni sivi jointi, kiungo cha mwisho wa drafshafti, wala haihusiani na saspensheni. Tazama raba yake. Ikiwa imechanika na grisi imetapakaa kwenye rimu kwa ndani, huna haja ya kipimo kingine.

MAGARI YA MZIGO

Hilux, Hiace na Land Cruiser zinazobeba tumbaku, mbao na mkaa kutoka vijijini zina springi za mabamba nyuma, na kelele zake hutoka hasa kwenye yu-bolti zilizolegea (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), pini na bushi za shako (kiungo kinachoshikilia ncha ya springi), na bolti ya katikati ya mabamba iliyokatika. Osha kwanza, kwa sababu chini ya tope hakuna kinachoonekana. Mstari wa kutu nyekundu kavu karibu na nati ya yu-bolti unaonyesha chuma kinasuguana na chuma. Baada ya kufunga mabamba mapya, yu-bolti hukazwa tena gari likishatembea na mzigo siku chache. Bolti ya katikati ikikatika, ekseli husogea na gari hutembea likiwa limekaa upande. Lishushwe mzigo hapohapo na lisiendelee na safari, hata kama Sikonge inaonekana si mbali.

MNGURUMO UNAOONGEZEKA NA MWENDO

Mngurumo wa kuendelea ni wa beringi ya gurudumu au wa tairi lililolika vibaya. Beringi ya kulia hunguruma zaidi ukipinda kushoto, na ya kushoto ukipinda kulia, kwa kuwa uzito huhamia upande wa nje wa kona. Sauti ya tairi hubadilika ukitoka lami na kuingia vumbi, ya beringi haibadiliki sana. Rimu ikiwa ya moto kuliko nyingine baada ya safari fupi bila kukanyaga breki sana, simamisha gari.

BAADA YA KUFUNGA

Weka kando kifaa cha zamani, kikate au kitikise mkononi, ulinganishe na kipya. Linki ya zamani ikiwa ngumu kama mpya, kelele haikutoka hapo, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kulipa. Rudi kwenye barabara ileile, kwa mwendo uleule, vioo vikiwa wazi. Baada ya kilometa 100 hivi kaza tena nati za magurudumu na za linki, na ukisikia mgongo mpya ambao haukuwepo kabla ya matengenezo, anza na bolti uliyoifungua mwisho.